Fox, Alliance, baleti au Tavern: kuchagua jioni ya jukwaani mjini Atlanta

Ukimwambia mwenyeji wa Atlanta kwamba unataka kwenda kuona maonyesho ya jukwaani, atakuuliza mchezo gani. Ni swali la haki, lakini lina mwenzake linalotakiwa kutangulia: ukumbi gani? Mchezo ule ule ukiutazama ukiwa hatua kumi kutoka jukwaani, unaona jasho na unasikia pumzi. Ukiutazama kutoka safu za mwisho za ukumbi wa viti 4,665, unaona picha nzuri inayocheza kwa mbali. Pote pana utamu, ila si utamu mmoja, na bei ya tiketi haikuambii ni upi unanunua.

Hapa tunazilinganisha nyumba tano: Fox Theatre, Alliance Theatre, Atlanta Ballet, Shakespeare Tavern na Ballethnic. Mji una nyingine nyingi, lakini ukizijua hizi tano umeshagusa tamthilia za muziki, michezo mipya, baleti ya jadi, Shakespeare, na dansi inayochanganya baleti na ngoma za Kiafrika.

## Vigezo tunavyotumia

Kigezo cha kwanza ni umbali kati ya jicho lako na uso wa mwigizaji. Cha pili ni Kiingereza: unahitaji kiasi gani ili usitoke umepoteza fedha? Hiki hakisemwi sana, na kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa Wakongo waliofikia Clarkston, mji mdogo jirani na Atlanta, wakiwa wakimbizi, ndicho kinachoamua kila kitu. Cha tatu ni fedha zote za usiku ule, yaani tiketi pamoja na ada, maegesho na chakula. Cha nne ni kufika, na zaidi ya kufika, kurudi nyumbani. Cha tano ni unakwenda na nani: mtoto, mzazi mwenye magoti mabovu, au mtu mnayetaka kuzungumza naye baada ya pazia kufungwa.

Saa tunazotaja ni za Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 7:30 PM ni saa 1:30 usiku, na ya 2:00 PM ni saa 8 mchana.

## Kila mmoja anacheza nini

Fox Theatre, 660 Peachtree Street NE, ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1929. Jengo lilianza kama makao ya jumuiya ya Shriners, likachorwa kwa sura ya msikiti nje na hekalu la Misri katika baadhi ya kumbi za ndani. Gharama zilipowazidi, mwenye sinema William Fox akaukodi ukumbi mkubwa. Miaka ya 1970 kampuni ya simu ilikitaka kiwanja hicho kwa makao makuu yake, jengo likawa karibu kubomolewa, watu wakachanga wakaliokoa. Leo Fox hupokea misafara ya Broadway, yaani tamthilia kubwa za majumba ya New York. Kampuni inayozunguka Marekani huja na malori ya mandhari, hufunga mitambo, hucheza Jumanne hadi Jumapili, kisha huifungua na kuondoka. Michezo mikubwa zaidi hukaa majuma mawili au zaidi. Ukichelewa juma hilo, imekupita. Alvin Ailey American Dance Theater ya New York pia hufika Fox karibu kila mwaka, kwa kawaida Februari, na kwa mpenzi wa dansi, hizo ni siku za kuwekea alama kwenye kalenda mapema.

Alliance Theatre, iliyoanza 1968, imo ndani ya Woodruff Arts Center, 1280 Peachtree Street NE. Yenyewe hutengeneza michezo yake: huajiri waigizaji, hujenga mandhari, hufanya mazoezi, halafu huchezesha kwa majuma kadhaa. Tamthilia ya muziki ya Aida, yenye nyimbo za Elton John na Tim Rice, ilianzia hapa 1998 kabla ya kwenda Broadway, na The Color Purple ikafuata njia hiyo hiyo mwaka 2004. Mwaka 2007 Alliance ilipewa Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, ile inayotolewa kwa majumba ya maigizo ya nje ya New York. Kwa mtazamaji, hiyo ina pande mbili. Unaweza kuona kitu ambacho dunia bado haijakiona, na unaweza pia kukuta mchezo ambao sehemu yake ya pili haijaiva. Kazi mpya ndivyo ilivyo, na anayekwenda Alliance aende akilijua hilo.

Jengo lenyewe ni kumbukumbu. Tarehe 3 Juni 1962 ndege iliyokuwa imebeba zaidi ya wapenzi wa sanaa 100 kutoka Atlanta ilianguka Orly, Paris, ilipokuwa inaruka kurudi Marekani. Kituo hiki kilijengwa kwa ajili yao. Ukifika kabla ya saa ya mchezo, itafute sanamu ya mchongaji Rodin iliyotolewa na Ufaransa kuwakumbuka.

Atlanta Ballet ilianzishwa 1929 na Dorothy Alexander, nayo ndiyo kampuni ya baleti iliyodumu kwenye maonyesho bila kukatika kwa muda mrefu kuliko zote Marekani. Hucheza Cobb Energy Performing Arts Centre, ukumbi wa viti 2,750 uliofunguliwa 2007 huko Cobb, nje ya mji wenyewe. Msimu huanza vuli na kuisha karibu Mei, kiangazi usiisubiri. Programu zake ni za aina tatu: baleti yenye hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, baleti ya Krismasi The Nutcracker ya Desemba, na jioni ya vipande vifupi vifupi visivyohusiana. Soma maelezo kabla ya kulipa, kwa sababu mtu aliyetarajia binti mfalme na kasri akakutana na watu sita wenye nguo za kijivu kwenye jukwaa tupu huondoka na hasira isiyo na mkosaji.

Shakespeare Tavern, 499 Peachtree Street NE, ni ya Atlanta Shakespeare Company. Wanaigiza jinsi michezo hiyo ilivyoigizwa zamani: mavazi ya enzi hizo, muziki na milio vinavyopigwa papo hapo, na mwigizaji anayekutazama machoni anapozungumza peke yake, kana kwamba wewe ndiye unayeombwa ushauri. Chini ukumbini kuna meza, na unakula chakula cha jioni kabla ya mchezo.

Ballethnic Dance Company ilianzishwa 1990 na Nena Gilreath na Waverly Lucas, wachezaji waliopitia Dance Theatre of Harlem, na makao yake yako East Point, kusini ya mji. Hapa baleti na ngoma za Kiafrika hukaa katika mwili mmoja. Kazi yao inayojulikana zaidi ni Urban Nutcracker, ambayo huichukua hadithi ya Krismasi na kuiweka Auburn Avenue ya miaka ya 1940, mtaa uliokuwa moyo wa biashara ya watu weusi Atlanta. Maonyesho yao ni ya siku chache tu, na ukumbi hubadilika.

## Umbali, kiti, na unachokiona

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, hasa Fox.

Ukumbi wa Fox umejengwa kama ua wa kasri lisilo na paa. Juu ni anga ya usiku: fuwele 96 zenye taa nyuma yake, baadhi zikimetameta kama nyota za kweli, na mawingu yanayopita taratibu kwa mwanga wa mashine. Juu ya roshani limetandazwa turubai la mistari kama hema la Bedui. Si kitambaa. Ni plasta iliyoshikiliwa na nondo, na pamoja na urembo wake husaidia kuipeleka sauti kwa waliokaa mbali kabisa. Sasa linganisha viti. Viti vya chini huitwa Orchestra. Safu zake za mbele na za kati ni nzuri, lakini za nyuma zimefunikwa na roshani: ukiinua macho unaona dari ya karibu, anga yote imekupotea, na nusu ya sababu ya kuja Fox umeiacha nje. Sehemu ya mbele ya roshani huitwa Loge, na kwa macho yetu ndiyo bora ya ukumbi wote, kwa sababu una jukwaa zima mbele yako na nyota juu yako. Nyuma yake zinafuata First na Second Dress Circle, kisha Gallery. Kutoka Gallery uso wa mwigizaji huwezi kuusoma bila darubini ndogo. Kwa dansi kama ya Ailey, yenye maumbo makubwa na mistari ya watu wengi, Dress Circle inatosha na wakati mwingine inazidi viti vya chini. Kwa mchezo wa mazungumzo ya watu wawili, haitoshi.

Safu hizo za juu zina historia chungu pia. Enzi za ubaguzi, watu weusi walikuwa na dirisha lao la tiketi, wakapanda ngazi za nje, wakakaa huko tu.

Majukwaa makuu ya Alliance ni mawili na usiyachanganye. Coca-Cola Stage ina viti kama 650, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya Januari 2019, na kingo za roshani zake ni mbao za mwaloni zilizopindwa kwa mkono kama riboni. Hata kiti cha mwisho kinaona nyusi za mwigizaji. Hertz Stage, chini yake, ina viti kama 200, na mpangilio wa viti huweza kubadilika kutoka mchezo hadi mchezo. Hapo kiti kibaya hakipo. Ila ukikaa safu ya kwanza jua kwamba huna mahali pa kujificha: ukipiga miayo, mwigizaji amekuona.

Kwa baleti, kanuni inageuka. Watu hukimbilia safu za mbele kwa sababu ndizo ghali, wakidhani ghali ni bora. Kwenye baleti safu za mbele kabisa zinaweza kukukata miguu ya wachezaji, na miguu ndiyo kazi yenyewe. Pia huwezi kuona michoro inayotengenezwa na kundi zima: duara linalofunguka, mistari inayopishana. Cobb Energy, safu za mbele za Mezzanine, yaani za roshani, ni chaguo zuri kuliko safu ya tatu chini. Jambo jingine ni muziki. Si kila programu ina okestra hai. Nyingine huchezwa kwa muziki uliorekodiwa. The Nutcracker kwa kawaida ina okestra. Kama kusikia ala za kweli ndiko kunakokuvuta, ulizia kabla hujalipa.

Tavern ni ndogo, na mwanga ni hafifu kabla ya kuanza. Walio mezani wako karibu kiasi kwamba upanga unapochomolewa wanajikuta wameegemea nyuma. Viti vya juu ni nafuu, unaona vizuri, ila huna meza ya maana ya kulia. Kwa upande wa Ballethnic hakuna ramani moja ya kukupa kwa kuwa ukumbi hubadilika. Angalia ramani ya ukumbi wa safari hiyo, na kanuni ya baleti ni ile ile: katikati, juu kidogo, usibanane na jukwaa.

## Kiingereza kiasi gani?

Baleti haihitaji hata neno moja. Mama aliyefika kutoka Uvira mwezi uliopita na profesa wa chuo wako sawa mbele ya Atlanta Ballet na Ballethnic. Soma tu muhtasari wa hadithi, mtafsirie kwenye gari, basi. Ailey pale Fox ni vivyo hivyo: baadhi ya kazi zao huchezwa kwa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, na aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa ataelewa bila kutafsiriwa.

Tamthilia ya muziki ya Fox iko katikati. Nyimbo huenda kasi, vichekesho hupita kabla hujavikamata, lakini mandhari, mavazi na dansi vinakushika mkono. Dawa ni kusikiliza nyimbo zake nyumbani siku kadhaa kabla. Mchezo ambao hadithi yake unaijua tayari, kwa mfano kutoka filamu, ni salama kuliko mpya.

Alliance ni ngumu zaidi, maana michezo yake mingi hutegemea mazungumzo, na kwa kuwa mingine ni mipya hakuna mahali pa kuisoma kabla. Kwa anayesoma Kiingereza vizuri kuliko anavyokisikia, uliza ofisi ya tiketi kama kuna onyesho lenye maandishi ya maneno kwa ajili ya wasiosikia. Siku hizo huwa chache, Alliance na Fox pia, lakini hubadilisha kila kitu.

Tavern ni ngumu kuliko zote kwa masikio, maana Kiingereza chenyewe ni cha miaka 400. Hapo, hata hivyo, msomaji wa Kiswahili ana ngazi ambayo wenyeji wengi hawana. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, na The Merchant of Venice aliyoiita Mabepari wa Venisi, 1969. Samuel Mushi alitafsiri Macbeth na The Tempest, hii ya pili kwa jina la Tufani. Ukikuta mmoja wa michezo hiyo kwenye ratiba ya Tavern na ukaweza kupata tafsiri yake, isome juma moja kabla. Utafika ukijua nani anamsaliti nani, na masikio yatabaki na kazi ya kufurahia mdundo tu. Tena vichekesho vya Shakespeare pale huchezwa kwa mwili mzima, kwa kuanguka, kukimbizana na kujificha. Kwa mara ya kwanza chagua kichekesho, uache tamthilia za wafalme wenye majina yanayofanana.

## Fedha zote za usiku ule

Bei hupanda na kushuka kwa siku, kiti na mchezo, kwa hiyo tunaeleza zinavyokwenda badala ya kutaja tarakimu zitakazokuwa zimechakaa kesho.

Fox kwa Broadway ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya kiti cha chini na cha juu, na juu ya bei iliyoandikwa huongezwa ada ya huduma kwa kila tiketi. Kwa familia ya watu watano ada hizo peke yake huwa ni chakula cha jioni. Ukiweza kufika dirishani, uliza kama ada inapungua ukinunua ana kwa ana. Jumanne hadi Alhamisi mara nyingi ni nafuu kuliko Jumamosi.

Kosa linaloumiza zaidi ni kununua kwa wauzaji wa mkono wa pili. Ukitafuta jina la ukumbi kwenye intaneti, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yao, yamepambwa yafanane na ukumbi wenyewe, na bei inaweza kuwa mara mbili huku viti vikiwa bado vinapatikana kwa bei halali. Kagua anwani ya tovuti kabla ya kuingiza namba ya kadi. Ukiona hesabu ya dakika inashuka na maneno ya kukuharakisha, simama kwanza.

Alliance na Tavern huwa na maonyesho ya awali, siku chache kabla ya ufunguzi rasmi, kwa bei ya chini. Mchezo umekamilika kwa sehemu kubwa. Kinachoweza kutokea ni taa kuchelewa au tukio kubadilishwa kesho yake. Kwa mwenye bajeti ndogo ndipo pa kuanzia. Kuhusu Tavern kumbuka jambo moja: chakula hakimo kwenye tiketi. Jiko hufunguliwa zaidi ya saa moja kabla ya mchezo, unaagiza, unalipa, unakula. Chakula ni cha baa za Kiingereza: pai ya nyama iliyofunikwa viazi vilivyopondwa, au andazi kubwa la kuoka lenye nyama na viazi ndani, mfano wa sambusa ya mtu mwenye njaa. Anayefika dakika 15 kabla hujikuta foleni na sahani mkononi wakati taa zinazimwa. Fika saa moja kabla. Kama tiketi yako haina namba ya kiti, kuwahi ndiko kunakokupa meza nzuri pia.

Atlanta Ballet ni ghali Desemba, nafuu miezi mingine. Baleti ya Februari ni kampuni ile ile, wachezaji wale wale, kwa fedha kidogo na bila msongamano. Ballethnic kwa kawaida ndiyo nyepesi kwa mfuko kati ya dansi zilizotajwa hapa.

## Kufika, na kurudi

Kwanza tahadhari ya mji wenyewe: Atlanta ina barabara nyingi zenye jina Peachtree. West Peachtree Street si Peachtree Street, wala Peachtree Road si Peachtree Center Avenue. Andika anwani kamili pamoja na herufi NE, vinginevyo dereva atakushusha mtaa wa pili na utaanza kukimbia na viatu vya sherehe.

Fox na Tavern zinahudumiwa na kituo cha North Avenue cha MARTA, shirika la treni na mabasi la Atlanta, kutembea dakika chache. Alliance iko mkabala na kituo cha Arts Center. Nauli ni dola 2.50. Kutoka Clarkston, chukua basi hadi kituo cha Kensington au Indian Creek, panda Blue Line hadi Five Points, badilisha kwa treni ya kaskazini. Wanaorudi kaskazini kwa Red Line wajue kwamba usiku treni hiyo kwa kawaida haifiki katikati ya mji: unapanda Gold Line hadi Lindbergh Center na kubadilisha hapo. Angalia muda wa basi la mwisho kabla hujaondoka nyumbani. Mchezo ulioanza saa 1:30 usiku wenye mapumziko humalizika karibu saa 4, na Shakespeare huweza kusogea zaidi.

Ukienda Fox kwa gari Jumamosi ya vuli, tazama kama timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Georgia Tech inacheza nyumbani, maana uwanja wao uko jirani na maegesho yote hupanda bei.

Cobb Energy ni habari nyingine. Treni za MARTA hazifiki Cobb. Basi la CobbLinc huunganisha Arts Center na Cumberland, lakini usilitegemee kurudi usiku. Kwa Wakenya wengi wa Marietta ukumbi huu uko karibu na nyumbani kuliko wote. Kwa mtu wa Clarkston asiye na gari ndio wa mbali kuliko wote. Truist Park, uwanja wa timu ya besiboli ya Braves, uko upande wa pili tu wa barabara kuu, hivyo usiku wa besiboli, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, ongeza dakika 40 kwenye safari. Waliochelewa hawaingizwi katikati ya kipande; utasimama nje ukitazama kwenye runinga hadi mapumziko ya kwanza yanayofaa.

Desemba kuna mtego wa pekee. The Nutcracker ya Atlanta Ballet kwa miaka mingi ilikuwa ikichezwa Fox, na bado wapo wanaokwenda huko kwa mazoea wakati tiketi yao inasema Cobb. Tena zipo Nutcracker za kampuni nyingine, za mjini na za wasafiri, kwenye kumbi tofauti siku zile zile. Soma mambo matatu kwenye tiketi: jina la kampuni, jina la ukumbi, tarehe.

## Watoto, wazee, na adabu

Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpeleke onyesho la usiku la Fox au Alliance. Michezo mingi ina umri uliopendekezwa, mingine humzuia mtoto mdogo mlangoni, na kwa kawaida hata wa kupakatwa hutakiwa tiketi yake. Wadogo hao wana nyumba yao: Center for Puppetry Arts, 1404 Spring Street NW, kituo cha vikaragosi kilichofunguliwa 1978 na mtengenezaji wa vikaragosi Jim Henson akiwepo na chura wake Kermit mkononi. Maonyesho ni mafupi, ya mchana, na kuna makumbusho. Kuanzia miaka sita au saba, The Nutcracker ya mchana au Urban Nutcracker inafaa sana. Chagua ya saa 8 mchana ili usingizi usiingilie sehemu ya pili.

Mzee mwenye magoti mabovu: Fox mnunulie viti vya chini, sehemu ambayo haijafunikwa na roshani, kwa sababu ngazi za juu ni nyingi na zina mteremko mkali. Alliance na Cobb Energy ni rahisi kwake zaidi.

Adabu zinatofautiana. Kwenye taarabu mtu huinuka akamtunza mwimbaji; hapa hakuna kumkaribia mchezaji. Kwenye baleti piga makofi baada ya mchezo wa mtu mmoja, si mwisho wa pazia tu. Kwenye Ailey na Ballethnic ukumbi huitikia kwa sauti, vigelegele vikiwemo, na hakuna atakayekugeukia kwa jicho kali. Kwenye tamthilia ya muziki, usiimbe hata kama nyimbo zote unazijua. Jirani yako amelipia sauti ya yule aliye jukwaani.

## Kwa hali yako

Mgeni kutoka nyumbani ana usiku mmoja tu: mpeleke Fox, viti vya Loge, mchezo wowote wa muziki, na fikeni dakika 45 kabla ili atazame dari taa zikiwa bado zinawaka.

Wazazi hawazungumzi Kiingereza: Ballethnic au Ailey kwanza, Atlanta Ballet baadaye, na iwe baleti yenye hadithi. Vipande vifupi viachie mara ya pili.

Huna gari na unaishi Clarkston: Alliance au Fox, onyesho la mchana la Jumamosi au Jumapili, urudi mabasi yakiwa bado yapo ya kutosha.

Unakaa Marietta na una mabinti wanaojifunza baleti: Atlanta Ballet ya Februari au Machi, safu za mbele za Mezzanine. Desemba waone Urban Nutcracker pia, walinganishe wenyewe hadithi moja katika miili ya namna mbili.

Umeolewa au umeoa na mnatafuta mahali pa kula na kuzungumza: Tavern, kichekesho, meza ya chini, mfike saa 12 na robo jioni jiko linapofunguliwa kwa mchezo wa saa 1:30.

Unaandika, unaigiza, au unataka kujua mchezo hutengenezwaje: Hertz Stage, onyesho la awali, kisha urudi juma la mwisho uone walichobadilisha. Tiketi mbili za huko mara nyingi hazifiki bei ya kiti kimoja kizuri cha Broadway.

Fedha ni kidogo na unataka Fox tu: subiri Jumanne au Jumatano, nunua Second Dress Circle katikati, beba darubini ndogo. Chagua mchezo wenye dansi nyingi. Kutoka huko juu miguu ya watu thelathini inayotua pamoja inaonekana vizuri kuliko uso wa mmoja.